UZI: Uko India, Holi inakuja na hutaki kupakwa rangi. Namna ya kuikwepa bila ugomvi

Kitasa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikikaribia Machi maswali ni yaleyale. Mwanafunzi kafika India muhula wake wa kwanza, au mtu kampeleka mzazi matibabu, anasikia Holi, ile sikukuu ya Wahindu ya kupakana rangi, inakuja na hataki kuguswa. Mwingine ni dini, mwingine ni ngozi, mwingine hataki tu. Sababu ni yako, huna haja ya kumweleza mtu. Naweka hapa ya msingi, wenyeji wa miji mbalimbali waongezee.

Kwanza, Holi ya Dar au Nairobi, ile inayochezwa ndani ya uzio wa viwanja vya jumuiya za Wahindi, isiwe kipimo chako. Kaskazini mwa India inachezwa barabarani, juu ya mapaa, kwenye ngazi za jengo na kwenye korido za hosteli. Mtu hahitaji kukujua ndipo akupake. Kauli ya siku hiyo ni "Bura na mano, Holi hai", yaani usichukie, ni Holi. Wengi wanaisema kwa furaha. Wapo wanaoitumia kama leseni.

Tarehe inafuata mwezi mpevu, kwa hiyo inahama: 2024 ilikuwa Machi 25, 2025 Machi 14, 2026 Machi 4, na 2027 ni Machi 22. Usikariri ya mwaka jana.

Sasa saa, maana hapa ndipo penye siri yote. Usiku wa kuamkia Holi wanawasha moto mkubwa kwenye njia panda, unaitwa Holika Dahan. Asubuhi yake rangi zinaanza saa mbili au saa tatu, zinachacha kuanzia saa nne mpaka saa saba, na ikigonga saa nane mchana watu wanaingia bafuni. Jioni wanatembeleana wakiwa na nguo safi na sahani za vitamutamu, mtaa umetulia kabisa. Kwa hiyo hukimbii sikukuu, unakaa nyuma ya geti lililofungwa kuanzia saa moja jioni ya mkesha mpaka saa tisa alasiri ya siku yenyewe. Saa 20 tu. Anayeumia karibu kila mwaka ni yule aliyetoka saa tano asubuhi "kununua maziwa mara moja".

Maandalizi ya saa 20 hizo:

Chakula cha milo mitatu kiwe ndani jana yake kabla ya giza. Maduka ya mtaani hufungwa, na wale wa kuleta oda kwa pikipiki wengi hawapo mpaka alasiri.

Maji. Hili watu hawaliwazii. Tangi la juu ya paa linajazwa kwa mota, na saa saba jengo zima linaoga kwa mkupuo. Maji yanakata wakati huohuo. Jaza ndoo mbili za lita 20 usiku, pamoja na maji ya kunywa.

Anua nguo kwenye kamba na viatu mlangoni. Funga madirisha ya upande wa barabara na wa ngazi, na kama una pikipiki iingize ndani au uifunike turubai. Kitasa cha nje kizungushie mfuko wa plastiki na gazeti, maana alama za mikono kwenye mlango mweupe unaweza kukatwa kwenye amana ya nyumba.

Na wiki nzima kabla ya siku yenyewe, watoto wanatupa puto za maji kutoka juu. Hizo hazina ratiba, zinaanza wakitoka shule. Pita barabara kubwa, vichochoro viache.

---

BintiPangani

Asante Kitasa, uzi umekuja wakati wake. Niongezee upande wa akina dada, maana kwetu suala si rangi peke yake.

Kwenye msongamano, mkono unaopaka shavu unashuka kwingine, na mwenyewe anajifanya ni mchezo. Mwaka 2023 kuna video ilisambaa ya binti wa Kijapani aliyezungukwa na vijana Paharganj, Delhi, wakimshika na kumpasulia yai kichwani. Polisi waliwakamata watatu, mmoja wao mtoto. Paharganj ndipo wanapofikia wageni wengi wa bei nafuu, zikiwemo familia zetu, kwa sababu iko jirani na stesheni ya New Delhi. Kama umepanga hapo, kaa ndani asubuhi hiyo, au uhamie mtaa wa makazi yenye geti na mlinzi kwa usiku mmoja.

Mambo matatu ya kushika. La kwanza, usisimame kwenye mlango wa gesti "kuchungulia". Ukishaonekana umeshaalikwa. La pili, mtu akikushika, usicheke kwa aibu. Kicheko wanakisoma kuwa umekubali. Sema kwa sauti kavu: "Haath mat lagao", usiniguse. Kisha elekea dukani, kwa mlinzi, au kwa kundi lenye wanawake watu wazima, na uwaite "aunty" au "didi". Wale akina mama wakikoroma vijana hutawanyika kuliko wakimwona polisi. La tatu, namba ya dharura ni 112, nchi nzima, na simu yako iwe na salio na chaji tangu usiku.

Na msidanganywe kwamba siku hiyo sheria imelala. Polisi wa Mumbai na wa Hyderabad hutoa amri kila mwaka inayokataza kumwagia rangi au maji mtu asiyetaka hadharani. Ukiitaja hiyo kwa mlinzi wa jengo au mwenye hosteli anakuelewa mara moja.

---

Mgeni_2

Uzi mzuri. Swali: mtu mwenye ndege siku yenyewe saa tano asubuhi kutoka Delhi anafanyaje? Metro inafanya kazi?

---

MzeeWaReli

Mgeni_2, metro ya Delhi haifanyi kazi asubuhi ya Holi. Kila mwaka wanatangaza hivyohivyo: treni zinaanza saa nane na nusu mchana (kwenye tangazo imeandikwa 2:30, usije ukaisoma saa za Kiswahili), na ile laini ya uwanja wa ndege imo humohumo. Mabasi ya jiji nayo ni ya kubahatisha mpaka mchana.

Ndege ya saa tano kwenda nje inakutaka uwe uwanjani saa mbili. Hiyo ni nafuu kwako, kwa sababu unatoka saa kumi na mbili asubuhi, mtaa bado umelala. Kosa ni kutegemea teksi ya kwenye programu ya simu. Asubuhi hiyo madereva ni wachache, na aliyekubali safari anaweza kuifuta dakika kumi baadaye. Panga na dereva mwenye jina na namba tangu jana yake kupitia gesti, mkubaliane bei, na mpigie saa kumi na moja kumwamsha. Uwe na namba ya pili mkononi. Gari iwe ya kufunga vioo. Ile bajaji yao iko wazi pande zote mbili, ukikaa mle wewe ndiye shabaha. Pikipiki ni mbaya zaidi: puto la maji likimpiga dereva usoni akiwa mwendo wa kilomita 40 mnaanguka wote.

Ndege ya saa saba au saa nane mchana ndiyo yenye shida, kwa sababu safari yake inaangukia kwenye kilele. Dawa ni ileile, toka saa kumi na mbili asubuhi ukasubiri uwanjani. Kukaa saa tano kwenye kiti cha uwanja wa ndege kunachosha, lakini unafika na hati safi na begi kavu.

Kuhusu treni, siku tatu nne kabla ya Holi treni za kwenda Uttar Pradesh na Bihar zinafurika watu wanaorudi kwao, hata zile maalumu wanazoongeza. Tiketi sasa zinafunguliwa siku 60 kabla, zamani ilikuwa 120. Ukichelewa iko Tatkal, yaani tiketi za dakika za mwisho, inayofunguliwa siku moja kabla ya treni kuondoka kituo chake cha kwanza: saa nne asubuhi kwa mabehewa ya AC, saa tano kwa yasiyo na AC. Lipa zaidi uchukue AC. Si kwa ajili ya ubaridi. Behewa la AC lina kioo kisichofunguka, na treni ikipita kandokando ya vijiji siku hizo, dirisha la Sleeper (behewa la kulala lisilo na AC) ni nondo tupu. Puto, matope, maji ya rangi, vyote vinaingia.

---

KusiniKwanza

Kwangu mimi yote hayo ni kujitesa. Shuka kusini. Kerala na sehemu kubwa ya Tamil Nadu Holi ni siku ya kawaida, watu wanakwenda kazini, daladala zao zinatembea. Ukiwa Thiruvananthapuram unaweza usijue kama ilikuwa Holi.

Ila kuwa makini na mitaa ya watu wa kaskazini ndani ya kusini. Chennai kuna Sowcarpet, mtaa wa Wamarwari na Wagujarati, na pale rangi zinachezwa kwelikweli. Kochi ni Mattancherry. Bengaluru barabara kuu hazina neno, shamrashamra ziko kwenye majengo ya makazi yenye mabwawa na kwenye sherehe za tiketi. Hyderabad iko katikati, inategemea mtaa.

Kisha kuna mtego wa ramani. Mtu anaona Hampi iko Karnataka, anasema kusini hiyo, nitaona magofu kwa utulivu. Hampi ni kati ya sehemu chache za kusini zenye Holi kali, wageni wanaifuata makusudi.

Kwa upande wa kaskazini, pa kuepuka kabisa kama hutaki ni Mathura, Vrindavan, Barsana na Nandgaon. Kule si siku moja. Barsana wana yao ya wanawake kuwapiga wanaume kwa marungu karibu wiki nzima kabla, na mji wa Baldeo una yake siku inayofuata. Pushkar vijana wanawachania wanaume mashati na kuyarusha kwenye nyaya. Varanasi, gesti nyingi zinafunga mageti asubuhi na hazimruhusu mgeni kutoka mpaka mchana. Hiyo Varanasi kwa kweli naisifu, wanakurahisishia kazi.

---

Kitasa

KusiniKwanza, nakubali, ila tuwe wakweli kwenye hesabu. Mwanafunzi wa Jalandhar au Vadodara kushuka Kerala na kurudi ni siku tatu mpaka nne za njiani, tiketi za msimu, na mitihani ya katikati ya muhula iko Machi hiyohiyo. Kulala ndani hakuna gharama. Kusafiri kunamfaa mwenye likizo au mwenye mtaa usiofungika, kwa mfano chumba kinachofungukia moja kwa moja kichochoroni.

---

Komeo

Hosteli sasa. Hapo mnazungumzia mtaa, lakini kwa mwanafunzi adui ni rafiki yake wa chumba cha pili.

Hosteli inavyokwenda: saa mbili kundi linaanzia ghorofa ya chini, linagonga mlango kwa mlango, na kila anayetolewa anaungana nalo kumtoa anayefuata. Likifika ghorofa ya tatu ni watu 30 na ndoo. Hakuna hoja utakayoitoa mlangoni ikasikilizwa. Kwa hiyo hoja zako zimalize jana yake. Andika kwenye kundi la WhatsApp la ghorofa yenu, ujumbe mfupi, bila kuomba radhi na bila hotuba ya dini: "Kesho sichezi rangi, nina matatizo ya ngozi. Happy Holi, tutakula pamoja jioni." Kisha mtafute mmoja mwenye sauti kwenye ghorofa, yule kiongozi wao, umwambie ana kwa ana. Akishasema "huyu mwacheni", umepita. Bila huyo, ujumbe wako ni karatasi tu.

Jambo la pili, usiitikie mlango hata kwa "subirini". Sauti yako ndiyo inayowapa nguvu ya kukaa. Mlango usiojibu wanaugonga dakika mbili, wanauacha.

Wengine wanamwomba rafiki aweke kufuli kwa nje ili chumba kionekane hakina mtu. Inafanya kazi.

---

BintiPangani

Komeo, hilo la kufuli la nje futa kabisa kaka. Usiku uliotangulia kuna mioto njia panda, mchana kuna watu wamelewa na viberiti, wewe umefungiwa ghorofa ya tatu na mwenye ufunguo yuko uwanjani na simu kaiacha chumbani isilowe. Dirisha la hosteli lina nondo. Funga kwa ndani.

---

Komeo

Hapo umenishika, dada. Basi iwe hivi: funga kwa ndani, zima taa, na viatu usiviache mlangoni. Milango mingi ya India ina komeo la kuteleza upande wa nje pia, na utani wao mwingine ni kukufungia humo. Kwa hiyo namba ya mlinzi wa hosteli na ya jirani mmoja asiyecheza ziwe kwenye simu. Sogeza komeo la nje likae wazi, kisha funga kufuli dogo kwenye tundu lake, hapo hawataweza kulisukuma. Lijaribu mapema na mtu akiwa nje.

---

AbuSalim

Wengine tunauliza la dini. Kuna wanaosema kataa kila kitu, kuna wanaosema pokea tone moja mambo yaishe. Lipi lina faida?

---

Kitasa

AbuSalim, tutenganishe vitu viwili. Kuna moto wa usiku, ule una ibada ndani yake, na hakuna anayekulazimisha kusogea. Kuna rangi ya asubuhi, ambayo kwa majirani wengi ni salamu tu. Hukumu ya dini muulize mwenye elimu yako. Kwa upande wa utendaji, mwenye nyumba mzee akija na sahani ya unga mkavu, "sirf tika" (alama ndogo tu) kwenye paji la uso au hata kwenye mkono, pale mlangoni, kwa masharti yako, humaliza biashara na anakuwa mlinzi wako kwa waliobaki. Ukitaka kukataa kabisa inawezekana pia: viganja pamoja kifuani, "Happy Holi, uncle", kisha "doctor ne mana kiya hai", daktari kakataza. Kwa wazee inatosha. Kwa kundi la vijana tone moja halipo, ukiwafungulia umefungua.

Kumbuka 2024, 2025 na 2026 Holi iliangukia ndani ya Ramadhani. 2025 ilikuwa Ijumaa kabisa, na kule Sambhal, Uttar Pradesh, misikiti iliyo kwenye njia ya maandamano ilifunikwa maturubai, sala ya Ijumaa ikasogezwa mpaka saa nane na nusu mchana. Shahjahanpur hufunika misikiti kila mwaka kwa sababu ya maandamano yao. Kwa hiyo Holi ikikutana na Ijumaa, uliza msikiti wako saa mpya siku mbili kabla, na usitoke na kanzu nyeupe saa sita ukidhani ratiba ni ileile. 2027 inakuja baada ya Idi, angalau daku na rangi havitagongana.

---

Mgeni_2

Na ikitokea umepakwa tu? Inatokaje?

---

MwuzaDawa

Niingie hapo. Kwanza jua umepakwa nini, maana kila rangi ina njia yake.

Kuna gulal, unga mkavu. Mzuri wake ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi. Huo unatoka kirahisi, sharti moja: usikimbilie maji. Kung'uta nje, futa kwa kitambaa kikavu, pangusa masikio na kope kichwa kikiwa kimeinama. Ukiumwagia maji ukiwa bado umejaa, unageuka rangi ya maji na kuingia kwenye vinyweleo na nguo.

Kuna rangi ya maji wanayoiita pakka, ile inayotiwa kwenye mabomba ya kurushia na puto. Mara nyingi ni rangi ya kiwandani ya kutia nguo. Hii inataka mafuta kwanza: nazi au haradali, paka, acha dakika 10 hadi 15, futa kwa pamba, rudia, kisha sabuni laini na maji ya baridi au vuguvugu. Viganja na nyuma ya masikio vitabaki na waridi siku kadhaa. Viache, ngozi inajibadilisha yenyewe. Mtu anayesugua kwa jiwe la miguu anapata kidonda na rangi inazama humo.

Na kuna ile ya fedha au dhahabu inayong'aa, rangi ya kupaka mabati. Hii ndiyo ya kuikimbia. Futa yote unayoweza kwa kitambaa kikavu, mafuta mengi, taratibu. Hakuna mafuta ya taa, hakuna petroli, hakuna dawa ya kufuta kucha usoni. Kila mwaka walioungua ngozi wengine hawakuunguzwa na rangi, wameunguzwa na kile walichoifutia.

Kinga, kama ni lazima utoke: mafuta usoni, shingoni, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, vaselini midomoni na chini ya kucha, rangi ya kucha hata kwa mwanaume kama hajali maneno. Mikono mirefu, nguo nzito ya zamani, miwani. Lenzi za machoni zitoe kabla, usizitoe baadaye na vidole vyenye unga. Mwenye pumu avae barakoa ya N95 na dawa ya kuvuta iwe mfukoni, si kwenye begi. Moshi wa mkesha unabana kifua kuliko hata unga.

Jicho: usisugue. Maji safi yanayotiririka dakika 15, kope zimefunguliwa kwa vidole. Likiendelea kuuma, likiona ukungu au likiogopa mwanga, nenda dharura siku hiyohiyo. Na puto la maji likikupiga jichoni moja kwa moja, ukaona damu ndani ya jicho au uoni umepungua, hata kama hakuna rangi iliyoingia, hiyo ni dharura. Usisubiri kesho.

---

Songa

MwuzaDawa umesahau vichwa vyetu. Ushauri wa "paka mafuta kwenye nywele" unaoandikwa kila mahali ni wa nywele za Kihindi. Kwa dredi ni balaa: mafuta yakikutana na unga ndani ya dredi yanakuwa tope, na tope hilo hulioni mpaka linaanza kunuka.

Dredi zikae kavu. Kitambaa cha satini kwanza, juu yake kofia ya plastiki ya kuogea, juu yake kilemba au kofia ya kitambaa ili plastiki isivutwe. Unga ukiingia, inama, kung'uta kila moja kuanzia kichwani kwenda nchani, puliza kwa mashine ya nywele kwenye hewa baridi, halafu maji mengi kichwa kikiwa chini mpaka yatoke meupe. Shampuu ni baada ya hapo. Kausha kabisa siku hiyohiyo.

Rasta za bandia nyeusi hazina shida. Za rangi ya dhahabu, kijivu au zambarau nyepesi zikishika pakka hazirudi, utazifumua. Kama una tarehe ya kusuka, iweke baada ya Holi. Twende kilioni ndizo zinazohitaji mafuta, lakini kwenye mistari ya ngozi tu, kwa ncha ya kidole, kwa sababu ile mistari ndiyo inayoshika rangi na kubaki nayo.

---

Mgeni_2

Nimekusoma Songa. Wagonjwa je? Kuna ndugu wengi wako Delhi na Hyderabad kwa matibabu.

---

MwuzaDawa

Mgonjwa ana mambo yake. Kliniki za nje hospitali nyingi hufungwa siku ya Holi, dharura iko wazi. Kwa hiyo wiki moja kabla muulize mratibu wa wagonjwa wa kimataifa maswali manne: miadi imehamia lini, damu ya vipimo inatolewa lini, dawa zinatosha mpaka lini, na gari la hospitali linafanya kazi asubuhi hiyo au halifanyi. Anayesafishwa figo ndiye wa kwanza kuuliza, zamu yake haiwezi kurukwa. Aombe siku ya kabla, au zamu ya baada ya saa tisa alasiri.

Aliyetoka upasuaji wa jicho asikae hata kibarazani. Mwenye mshono, mrija kifuani au anayepata dawa za saratani asifunguliwe mlango kwa mgeni mwenye unga, hata awe mwenye nyumba mwenyewe. Anayemuuguza ndiye apokee salamu, tena koridoni, kisha anawe mikono na kubadili shati kabla ya kumgusa mgonjwa. Duka la dawa la mtaani litafungwa, la ndani ya hospitali kubwa huwa wazi usiku na mchana. Chukua dawa za siku tatu.

---

MzeeWaReli

Kitu kingine kwa wale watakaotoka jioni kutembelea majirani, ambalo ni jambo jema. Vitafunio pokea, zile gujiya zao tamu za kukaangwa ni salama nyumbani kwa mtu unayemfahamu. Kinywaji cha maziwa kinachoitwa thandai uliza kwanza: "Bhang hai?" Bhang ni majani ya bangi yaliyosagwa, na kwenye baadhi ya miji inauzwa kwenye maduka yenye kibali cha serikali. Thandai ya kawaida ina lozi, shamari, pilipili manga na sukari. Yenye bhang huenda ikawa na ukijani kidogo, lakini viungo vinaficha ladha, usitegemee ulimi. Kinachowaangusha watu ni kuchelewa kwake. Unakunywa glasi, nusu saa haijatokea kitu, unaongeza ya pili, kisha zote zinakuja pamoja saa moja na nusu baadaye ukiwa ndani ya bajaji. Wanaichanganya na pakora na vitamu pia. Akipatwa mtu, mweke sehemu tulivu, maji, alale kwa ubavu, asiachwe peke yake, asiendeshe. Akitapika bila kukoma au akawa haamki, 112.

---

Pashan

Nimesoma mpaka mwisho, naona wa Pune hamjaonywa. Jimbo letu la Maharashtra kuna siku mbili. Siku ya kwanza baada ya moto inaitwa Dhulivandan, ndiyo hiyo mnayoiongelea. Siku ya tano ni Rang Panchami, na hiyo haimo kwenye kalenda za wageni, vyuo na maofisi mengi yako wazi. Kwa hiyo mtu anatoka na laptopu begani na shati la mahojiano, anakutana na ndoo kichochoroni. Uzito wake ni mdogo kuliko siku ya kwanza na inategemea mtaa. Maeneo ya zamani ya mji ndiyo ya kuangalia.

---

Mgeni_2

Na Indore?

---

Pashan

Indore ni kinyume. Holi yenyewe ya kawaida, Rang Panchami ndiyo kubwa: maandamano yanayoitwa Gair, malori yenye matangi na mashine za kurushia rangi mpaka ghorofa za juu, yanapita Rajwada na mji wa kale. Huko hata dirisha la ghorofa ya tatu lifunge. Kama una shughuli mjini siku hiyo ihamishie upande wa Vijay Nagar, au isogeze mpaka jioni barabara zikishaoshwa.